Ndoa ya Goa na Kiti cha Mombasa: Jinsi Urithi wa Ufalme Ulivyokatika

Katika historia ya Mombasa, swali la nani ana haki ya kukalia kiti cha ufalme halikuwahi kuamuliwa na watu wa kisiwani peke yao, kwa kuwa kisiwa chenyewe kimekumbatiwa na bara kwa pande tatu, Kisauni kaskazini, Changamwe magharibi na Likoni kusini, na mtawala aliyekosa radhi ya watu wa bara hizo alikuwa mtawala wa ngome tu. Hata mapokeo ya mwanzo wa mji yanaanza kwa namna hiyo. Mtawala wa kwanza anayekumbukwa ni mwanamke, Mwana Mkisi, ambaye mji wake uliitwa Kongowea, jina ambalo leo linatajwa zaidi kwa soko kubwa la upande wa Kisauni. Baada yake akaja Shehe Mvita, ambaye nasaba yake ilihesabiwa kuwa ya Kishirazi, yaani ya koo za Waswahili zilizojinasibisha na Uajemi, na ambaye jina lake ndilo lililobaki kuwa jina la mji. Mabadiliko hayo kutoka ukoo mmoja hadi mwingine yanaonyesha kwamba Mombasa ilikwisha kulijua suala la urithi wa kiti kabla ya jahazi lolote la Kireno kuonekana katika upeo wa bahari yake.

Suala hilo lilifikia ukali wake mkubwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 17, wakati mfalme aliyezaliwa Mwislamu alipobatizwa ugenini, akafungishwa ndoa ya kanisa, kisha akarudishwa kutawala mji wa Kiislamu. Mfalme huyo ni Yusuf bin Hasan, ambaye maandishi ya Kireno yanamwita Dom Jerónimo Chingulia. Ili kuelewa kwa nini ndoa yake ilikuwa jambo la dola na si la nyumba yake peke yake, ni lazima kwanza kueleza jinsi ukoo wake ulivyofika Mombasa, kwa maana ukoo huo haukuwa wa Mombasa kwa asili.

Nasaba ya Kishirazi ya Mombasa ilikatika katika miaka ya mwanzo ya 1590. Mwaka 1589 mji ulikuwa umepigwa kwa pande mbili kwa wakati mmoja: baharini na kundi la merikebu za Kireno chini ya Tomé de Sousa Coutinho, lililomfuata nahodha wa Kituruki Mir Ali Bey, na upande wa bara na Wazimba, jeshi lililotoka kusini ya mbali na kusimama ng'ambo ya kivuko cha Makupa, pale maji yanapokitenga kisiwa na Changamwe. Mji uliodhoofishwa hivyo haukuwa na nguvu ya kujilinda miaka michache baadaye, ulipojiingiza pamoja na Kilifi katika vita dhidi ya Malindi. Wasegeju, waliokuwa washirika wa Malindi, waliwashinda watu wa Kilifi, wakaingia Mombasa, na mji wakamkabidhi mfalme wa Malindi, Ahmad. Shaho bin Misham, anayetajwa na mapokeo kuwa wa mwisho katika watawala wa Kishirazi, hakuacha mrithi aliyeweza kukidai kiti kwa nguvu.

Kwa hiyo ukoo wa Malindi uliingia Mombasa si kwa kurithi bali kwa ushindi wa wengine, na ulikaa kwa hisani ya Wareno, ambao tangu Vasco da Gama alipopokewa Malindi mwaka 1498 walikuwa wakiihesabu Malindi kuwa rafiki na Mombasa kuwa adui. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na mfalme Ahmad akahamishia makao yake Mombasa chini ya kivuli cha ngome hiyo. Mfalme alipewa fungu la theluthi ya ushuru wa forodha, yaani kodi ya bidhaa zinazoingia na kutoka bandarini. Mpango huo ulikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa sababu mapato ya mfalme yalitegemea hesabu zilizoshikwa na kapteni wa ngome, na kapteni mwenyewe alikuwa akifanya biashara kwa faida yake.

Jambo moja linastahili kutajwa hapa, ingawa wasimulizi wa historia ya Mombasa hulipita. Taji la Ureno ambalo kwa jina lake ngome ilijengwa lilikuwa lenyewe limehama kwa mgogoro wa urithi uliofungamana na ndoa yenye utata. Mfalme Sebastião wa Ureno alipouawa vitani Morocco mwaka 1578 bila mtoto, na mrithi wake, Kadinali Henrique, alipofariki mwaka 1580, António, Mkuu wa Crato, alidai kiti kwa hoja kwamba baba yake, mwana wa mfalme, alikuwa amemwoa mama yake kwa siri. Madai hayo ya ndoa yalikataliwa, António akahesabiwa mtoto wa nje ya ndoa, na taji likamwendea Filipo wa Pili wa Uhispania, ambaye jeshi lake lilimaliza ubishi. Wakuu waliojipa mamlaka ya kuamua nani ni mfalme halali wa Mombasa walikuwa, kwa hiyo, watumishi wa mfalme ambaye uhalali wake ulisimama juu ya kukanushwa kwa ndoa ya mtu mwingine.

Ahmad alipokufa, kiti kilimwendea mwanawe Hasan. Ugomvi kati ya Hasan na makapteni wa ngome ulizidi mwaka hadi mwaka, juu ya ushuru, juu ya kisiwa cha Pemba na mchele wake, na juu ya heshima, kwa sababu mfalme alidai kuwa mshirika wa mfalme mwenzake na kapteni alimtazama kama mtu wa chini yake. Mwaka 1614 ugomvi huo uligeuka kuwa vita, na Hasan akavuka maji kukimbilia bara.

Kukimbilia bara lilikuwa jambo la kawaida kwa mtawala wa Mombasa aliyezidiwa, na lilikuwa na misingi yake. Watu wa bara, ambao Wareno waliwaita Wamusungulo na ambao wanahistoria wengi huwahesabu kuwa miongoni mwa mababu wa Wamijikenda, waliuletea mji nafaka, asali, nta na pembe za ndovu, na mji uliwapa nguo. Zawadi za nguo kutoka kwa mfalme kwenda kwa wazee wa bara zilikuwa sehemu ya utawala kama ushuru ulivyokuwa, na bila ya hizo njia za Makupa na Jomvu hazikuwa salama. Wareno walilielewa jambo hilo, ndiyo maana walijenga vingome vidogo Makupa vyenye kuelekea Changamwe, ilhali ngome kubwa yenyewe ilielekea bahari. Lakini uhusiano uliojengwa kwa nguo uliweza pia kuvunjwa kwa nguo. Wareno waliwapa watu wa upande wa Rabai malipo ya vitambaa ili wamwue mfalme aliyekuwa mgeni wao, na kichwa cha Hasan kikapelekwa Goa, makao makuu ya utawala wa Kireno katika Bahari ya Hindi.

Ni katika mauaji haya ya bara ndipo mgogoro wa urithi ulipozaliwa, kwa sababu Hasan aliacha mtoto mdogo, Yusuf, na pia ndugu aliye mtu mzima. Desturi ya miji ya Waswahili haikumlazimisha mtu kumrithisha mwana kabla ya ndugu. Wazee wa koo waliangalia umri, akili na mkono wa mtu, na mara nyingi ndugu wa marehemu alitangulia. Wareno walimweka ndugu wa Hasan asimamie mji kwa muda, lakini uchunguzi uliofuata ulipomsafisha Hasan na tuhuma za uasi, walishikilia kwamba kiti ni cha mwana, kama ilivyokuwa sheria ya falme zao wenyewe. Mtoto huyo alikuwa na umri wa takriban miaka saba. Walimchukua Goa wakamkabidhi kwa mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino wamlee.

Huko Goa Yusuf alibatizwa na kupewa jina la Jerónimo, akasomeshwa, akatumika katika merikebu za Kireno, na akaozwa mwanamke Mkristo, Dona Isabel Varella. Ndoa hii ndiyo kiini cha jambo, na inafaa kutazamwa kwa sheria zote mbili zilizohusika, kwa sababu mara nyingi imeelezwa kana kwamba kosa lilikuwa kumwoa Mkristo. Kwa fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kumwoa mwanamke wa Ahali Kitabu, jina linalowajumuisha Wakristo na Wayahudi, na mtoto wa ndoa hiyo humfuata baba katika dini na nasaba. Hata mama kuwa mtumwa hakukuwa kizuizi: mtoto wa suria, yaani kijakazi aliyezaa na bwana wake, alikuwa mtoto halali mwenye haki sawa na wa mke wa nikahi. Historia ya Zanzibar inalithibitisha jambo hili waziwazi, kwa kuwa Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, Majid aliyeshika Zanzibar na Thuwain aliyeshika Maskati walikuwa wote wawili watoto wa masuria, na katika ugomvi wao mkali juu ya mgawanyo wa dola haki yao haikuwekewa shaka kwa sababu ya mama zao. Kwa hiyo Dona Isabel, kama angeolewa na Yusuf Mwislamu, asingekuwa tatizo kwa kadhi yeyote wa Mombasa.

Tatizo lilikuwa bwana arusi. Sheria ya kanisa ilimtaka awe amebatizwa ndipo afungishwe ndoa hiyo, ilimkataza kuoa mke wa pili maadamu wa kwanza yu hai, na iliwataka watoto wao walelewe katika Ukristo. Kwa fikihi, mtu aliyeacha Uislamu huitwa murtadi, na murtadi hana fungu katika urithi wa baba yake Mwislamu wala hana mamlaka juu ya Waislamu. Kwa maneno mengine, tendo lile lile lililomfanya Yusuf kuwa mrithi aliyekamilika machoni pa Goa ndilo lililomwondoa katika urithi machoni pa wazee wa Mombasa. Kuzuiwa kuoa tena nako kulikuwa na uzito wake wa kisiasa, kwa maana mfalme wa Kiswahili alijenga dola yake kwa kuoa katika koo za mji na miji jirani, akawa mkwe wa huyu na shemeji wa yule, na mtoto aliyezaliwa katika ndoa hizo alikuwa na wajomba wa kumpigania. Mfalme mwenye mke mmoja aliyetoka ng'ambo ya bahari hakuwa na mkwe hata mmoja kati ya Kilindini na Kilifi. Wareno waliona katika upweke huo dhamana ya utii wake. Hawakuona kwamba mfalme asiye na wakwe mjini hawezi kuwashikia mji.

Yusuf alirudi Mombasa mwaka 1626 akiwa na mkewe, akatawazwa kuwa mfalme wa Malindi, Mombasa na Pemba. Kwa miaka mitano aliishi baina ya kaumu mbili, na kila upande ulimdai uthibitisho ambao upande mwingine ulimkataza kuutoa. Waislamu wa mji walimwona kuwa mtu aliyeuza dini ya baba yake. Makapteni walimtendea dharau zile zile walizomtendea Hasan, licha ya ubatizo wake na ndoa yake. Hapa ndipo hoja ya Goa inapoporomoka yenyewe: ikiwa ndoa ya kanisa ilikusudiwa kumfanya mfalme kuwa mmoja wao, basi alipofika Mombasa walipaswa kumtendea kama mmoja wao, na hawakufanya hivyo.

Ushahidi uliokusanywa Goa baada ya matukio, uliolenga kuthibitisha kwamba Wakristo waliouawa Mombasa walikufa mashahidi wa imani, na ambao mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha mwaka 1980, unaeleza kwamba mfalme alionekana akisali kwa namna ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na kwamba habari hizo zilimfikia kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, aliyeazimia kumkamata na kumrudisha Goa. Tendo la kumwombea baba aliyeuawa kwa nguo za rushwa ni la dini, lakini pia ni la urithi, kwa kuwa mtu anayesimama juu ya kaburi la baba yake na kumsomea anasema mbele ya watu kwamba yeye ni mwana wake. Yusuf alikuwa akirudi katika nasaba ambayo ubatizo ulikuwa umemtoa.

Katika sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, katikati ya Agosti 1631, mfalme aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kumwamkia kapteni, akamwua kwa jambia, na ngome ikatekwa. Wareno waliokuwa mjini walijificha katika nyumba ya mapadri wa Mtakatifu Augustino, na katika siku zilizofuata wengi waliuawa, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuacha dini yao mpya. Hakuna haja ya kuyapamba mauaji hayo kwa sababu tu yalitendwa dhidi ya wageni waliodhulumu. Wengi katika waliokufa hawakuwa na neno lolote katika dhuluma hiyo. Yusuf aliukana ubatizo, akalirudia jina lake, na barua zake kwa miji mingine ya pwani zikaitaka iinuke pamoja naye. Miji michache tu ya jirani ilimwitikia kwa vitendo. Miaka mitano ya kuitwa murtadi haikufutika kwa siku moja.

Goa ilituma merikebu chini ya Dom Francisco de Moura, zilizofika mapema mwaka 1632, zikauzingira mji kwa muda wa kama miezi miwili zikashindwa kuiteka ngome, zikaondoka. Yusuf alikuwa ameshinda, na hata hivyo hakukaa. Mwezi Mei mwaka huo huo aliubomoa mji na sehemu ya ngome, akapanda merikebu aliyoiteka kutoka kwa Wareno, akaiacha Mombasa tupu. Wareno waliporudi mwezi Agosti hawakukuta wa kupigana naye. Alizunguka baharini kama mtekaji wa merikebu hadi alipofia katika Bahari ya Shamu, na maandishi ya Kireno yanakitaja kifo chake mwaka 1638. Wengi wameeleza kwamba sababu ya kuondoka kwake ni hofu ya merikebu zaidi kutoka Goa, na hofu hiyo ilikuwepo. Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu watawala wa Mombasa waliomtangulia walizidiwa mara nyingi na Wareno, wakavuka maji, wakangoja bara mpaka adui aondoke, kisha wakarudi kujenga upya. Yusuf hakuchagua njia ya Changamwe. Bara ilikuwa ndiyo iliyomwua baba yake, na katika ng'ambo zote tatu hakuwa na ukoo wa mke wala wa mjomba wa kumpokea.

Baada yake Wareno hawakumtawaza mfalme mwingine Mombasa. Ukoo wa Malindi ulikuwa umekoma kuwa ukoo wa kifalme, na kapteni wa ngome akatawala moja kwa moja. Lakini haki ya kusema kwa niaba ya mji haikufa pamoja na kiti, bali ilihamia mahali ilikokuwa ikitoka tangu zamani, yaani kwa koo na miji iliyokizunguka kisiwa. Hizo ndizo zilizojulikana baadaye kwa jina la Mataifa Kumi na Mawili, neno taifa hapa likiwa na maana ya kundi la koo zenye asili moja ya mji: upande mmoja Thalatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na upande mwingine Tisa Taifa, walimo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wenzao. Kila upande ulikuwa na tamimu wake, mkuu aliyechaguliwa na wazee, na mataifa haya yalifungamana kwa udugu na mapatano na Wadigo, Waduruma, Warabai na wengineo wa bara. Changamwe, ambayo kwa wafalme ilikuwa ng'ambo ya kuogopwa au ya kukimbilia, ikawa miongoni mwa wenye mji.

Waomani walipoiteka ngome mwezi Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696, na Wareno waliporudi kwa muda mfupi mwaka 1728 wakafukuzwa mwaka uliofuata, hakukuwa na mwana wa mfalme aliyejitokeza kudai kiti cha Yusuf. Tarehe ya Mombasa, yaani habari za mji zilizoandikwa kwa Kiarabu, inaeleza kwamba ujumbe uliokwenda Oman kuzungumza na Imamu ulikuwa wa wakuu wa mataifa ya mjini pamoja na watu wa bara. Wamazrui waliotawala Mombasa katika karne hiyo ya 18 na mwanzo wa ile ya 19 walitawala kama maliwali, si kama wafalme, na kwa kiasi kikubwa walidumu kwa sababu waliyatambua mapatano hayo ya mataifa na ya bara.

Hukumu ya haki juu ya ndoa ya Goa, basi, ni kwamba haikuuangusha ufalme kwa sababu ya mwanamke aliyeolewa, ambaye hakuna sheria ya pwani iliyomkataa, bali kwa sababu ilifungwa na watu waliodhani kwamba mrithi hutengenezwa na anayemlea, ilhali Mombasa ilimjua mrithi kwa dini ya baba, kwa wajomba na wakwe, na kwa neno la wazee wa ng'ambo. Juu ya lango la Ngome ya Yesu yapo hadi leo maandishi ya Kireno yaliyochongwa kumsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeikarabati ngome mwaka 1635. Yanataja miji ya pwani aliyoitia adabu, yanawataja Wamusungulo wa bara aliowaadhibu, na yanamtaja mfalme wa mwisho wa Mombasa kwa neno dhalimu, bila ya jina lake, si lile la ubatizo wala lile alilopewa na baba yake.